Kuchakaa kwa Vihami vya Polima katika Kebo za Umeme kwa Sababu ya Joto: Mlinganyo wa Arrhenius na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Kebo ya umeme ni kifaa kisicho na sehemu inayozunguka wala kusuguana. Ikishalazwa ukutani, darini au ndani ya mfereji wa saruji, hukaa hapo miaka mingi bila kuguswa, na mwenye nayo huisahau. Hata hivyo, ndani yake mna kitu kinachobadilika kila saa. Shaba inayopitisha mkondo haizeeki kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kinachozeeka ni kihami, yaani gamba la polima linaloizunguka shaba hiyo ili umeme usitoke nje ya njia yake, na kinachokizeesha kwanza ni joto.

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni la kipimo. Kebo inayotazamiwa kufanya kazi kwa miaka 40 haiwezi kujaribiwa kwa miaka 40 kabla ya kuuzwa. Hujaribiwa kwa majuma au miezi michache ndani ya tanuri lenye joto kali kuliko la kazini, kisha muda huo mfupi hugeuzwa kuwa miaka kwa njia ya hesabu. Hesabu hiyo husimama juu ya dai moja, kwamba joto kali hufanya kazi ileile inayofanywa na joto la kawaida, ila kwa haraka zaidi. Makala haya yanafafanua dai hilo lilikotoka, mahali linapofaa, na sababu za dai hilo kushindwa kueleza hali halisi ya baadhi ya kebo.

Mifano mingi inatoka katika vinu vya nyuklia vya Marekani, kwa kuwa huko ndiko suala hili limechunguzwa kwa kina. Leseni ya kwanza ya kinu nchini humo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 40, nayo huweza kuongezwa miaka 20 kila mara. Vinu vingi vimekwisha kupewa ruhusa ya kufika miaka 60, na vingine 80. (Ile miaka 40 ya awali ilitokana na hoja za fedha na ushindani wa kibiashara, si na upimaji wa umri wa vifaa, jambo hili husahaulika mara kwa mara katika mijadala.) Kebo zilizolazwa katika miaka ya 1970 ndizo zinazotakiwa, siku ya ajali, kupeleka umeme kwenye pampu na kurudisha ishara za vipimo huku zikiwa zimezingirwa na mvuke wa moto. Kihami kilichokauka kinaweza kupita siku zote za kazi ya kawaida bila kasoro, kisha kikapasuka siku hiyo moja.

2.0 Kazi ya joto ndani ya polima

Polietilini ndiyo polima rahisi kuieleza. Ni mnyororo mrefu wa atomu za kaboni, kila moja ikiwa imeshika atomu mbili za hidrojeni. Joto huzitikisa atomu hizo, lakini kwa halijoto ya kazini mtikisiko huo hautoshi kuvunja muungano wa kaboni na kaboni. Polietilini iliyofungiwa mahali pasipo hewa ingelistahimili joto la kebo kwa muda mrefu sana. Adui hasa ni oksijeni, na joto ndilo linalomfungulia mlango.

Mfuatano wa mmenyuko huo ulielezwa katika miaka ya 1940 na watafiti wa mpira nchini Uingereza, miongoni mwao J. L. Bolland na Geoffrey Gee. Sehemu moja ya mnyororo hupoteza atomu ya hidrojeni na kubaki na mkono mtupu. Hiyo ndiyo radikali huru. Radikali hiyo hudaka oksijeni, kisha oksijeni hiyo hupokonya hidrojeni ya mnyororo wa jirani. Matokeo ni mawili: jirani amekuwa radikali mpya, na mnyororo wa kwanza umebaki na kikundi kiitwacho hidroperoksaidi. Kikundi hiki ndicho kitovu cha tatizo. Kikipata joto la kutosha hupasuka na kuzaa radikali mbili, kila moja ikaanza mfuatano wake. Uharibifu huenea hivyo kama moto unavyoruka kutoka kuti moja hadi jingine. Mahali pengine minyororo hukatika, na polima hupoteza nguvu. Mahali pengine minyororo huungana ovyo, na polima huwa ngumu na hupoteza uwezo wa kunyumbuka.

Watengenezaji hupambana na mfuatano huu kwa kuchanganya polima na vizuia oksidisho, ambavyo hutoa hidrojeni yao wenyewe kwa radikali kabla mnyororo haujaporwa. Kila kizuizi kinachotoa hidrojeni hutumika na kwisha. Kutokana na hilo, umri wa kihami una sura ya pekee: kwa miaka mingi vipimo vya nguvu na mnyumbuko havibadiliki sana, kwa kuwa kinachopungua ni akiba ya kizuizi, akiba ikiisha, mnyumbuko huporomoka kwa muda mfupi. Mkaguzi aliyeipima kebo katika mwaka wa 20 na kuikuta nzima hajapata uhakika wowote kuhusu mwaka wa 25, isipokuwa amepima pia kiasi cha kizuizi kilichobaki. Shaba yenyewe huharakisha mambo, kwa sababu ayoni zake huchochea kupasuka kwa hidroperoksaidi; ndiyo maana kihami kinachogusana na shaba tupu huongezewa kemikali ya kuzifunga ayoni hizo.

PVC, iliyo kihami cha nyaya nyingi za majumbani, huzeeka kwa njia mbili tofauti zinazokwenda pamoja. PVC tupu ni ngumu kama bomba la maji. Hulainishwa kwa mafuta maalumu ya kikemikali, na mafuta hayo huvukizwa na joto taratibu hadi waya ukawa mkavu. Sambamba na hilo, mnyororo wake huachia gesi ya hidrojeni kloraidi, na kila molekuli ya gesi inayotoka hurahisisha kutoka kwa ile ya jirani. Rangi hugeuka manjano, kisha kahawia, na palipo na unyevu gesi hiyo huwa asidi inayokula shaba. Viimarishi vya risasi, na siku hizi vya kalisi na zinki, huwekwa ili kuimeza gesi hiyo. Navyo pia hutumika vikaisha.

3.0 Kutoka sukari ya miwa hadi kebo

Mwaka 1889, Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, alikuwa akichunguza jinsi sukari ya miwa inavyovunjika ndani ya asidi. Alionyesha kwamba kasi ya mmenyuko hupanda na halijoto kwa namna inayoelezeka kwa mlinganyo k = A·e^(−E/RT), ambamo T ni halijoto katika kelvini, R ni kiwango thabiti cha gesi, na E ni nishati ambayo molekuli hazina budi kuwa nayo ili mmenyuko uanze. Kadiri E inavyokuwa kubwa, ndivyo kasi inavyoathiriwa zaidi na joto.

Wahandisi wa umeme walifika mahali hapo kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1930, V. M. Montsinger alitoa kanuni iliyotokana na vihami vya transfoma, kwamba kila nyongeza ya nyuzi 8 za Selsiasi hupunguza umri kwa nusu. Kanuni hiyo baadaye ilizoeleka kama kanuni ya nyuzi 10, na bado hutajwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 1948, Thomas W. Dakin alionyesha kuwa kuchakaa kwa kihami ni mmenyuko wa kikemikali kama mwingine wowote, hivyo logi ya umri ikichorwa dhidi ya 1/T inapaswa kutoa mstari ulionyooka. Mstari huo ndio msingi wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60216. Sampuli huwekwa katika matanuri ya halijoto tofauti hadi zifike kikomo kilichokubaliwa, kwa mfano mnyumbuko wa kukatika kushuka hadi nusu ya ulivyokuwa mwanzo, kisha mstari hurefushwa hadi saa 20,000 ili kupata kipimo cha ustahimilivu wa joto. Kiwango hicho kinataka halijoto ya chini kabisa ya jaribio itoe umri unaozidi saa 5,000, kwa kuwa waandishi wake walijua hatari ya kurefusha mstari kupita kiasi.

Kanuni ya nyuzi 10 inaonyesha udhaifu wake mara inapowekwa ndani ya mlinganyo. Kwa E ya kilojuli 95 kwa moli, kutoka 70°C hadi 80°C kasi huongezeka mara 2.6, kutoka 90°C hadi 100°C, mara 2.3, kutoka 140°C hadi 150°C, mara 1.9. Kwa hiyo hakuna kigawanyo kimoja kinachofaa kila mahali.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika uchaguzi wa E. Tuseme kebo itakaa miaka 40 katika 60°C, na jaribio linafanywa katika 120°C. Ikiwa E ni kilojuli 95 kwa moli, miaka hiyo 40 ni sawa na siku 78 tanurini. Ikiwa E ni 75, siku hizo ni 234. Ikiwa E ni 125, zinatosha siku 15 tu. Anayetaka kumaliza jaribio mapema ana kishawishi cha kuchagua E kubwa, na hesabu yenyewe haina namna ya kumzuia. Kebo iliyopasishwa kwa siku 15 kwa dhana ya kilojuli 125, ilhali E yake halisi ni 95, imejaribiwa kwa umri wa miaka 7 na miezi michache, si 40. Ikiwa E halisi ni 75, imejaribiwa kwa miaka 2 na nusu. Karatasi ya uthibitisho haitaonyesha tofauti yoyote kati ya hali hizo tatu, kwa kuwa zote zitasomeka miaka 40.

4.0 Mahali mstari unapopinda

Hata E ikipimwa kwa uaminifu, bado inabaki hoja kwamba E iliyopimwa katika joto kali huenda isiwe ile inayotawala katika joto la kazini. Watafiti wa Sandia National Laboratories nchini Marekani, hasa Kenneth Gillen na Roger Clough, walilishughulikia jambo hili kwa miongo kadhaa, na maelezo yao ya kwanza yanahusu njia ya oksijeni.

Oksijeni huingia katika kihami kutoka nje kwa kupenya taratibu. Katika joto la kazini, mmenyuko huwa wa polepole kiasi kwamba oksijeni hupata nafasi ya kufika hadi kiini, na kihami huchakaa sawasawa katika unene wake wote. Tanurini, mmenyuko huwa wa haraka kuliko mpenyo: oksijeni yote huliwa usoni kabla haijafika ndani. Sampuli hutoka ikiwa na ukoko mgumu nje na moyo unaokaribia kuwa mpya. Gillen na Clough walilithibitisha hilo kwa kuzikata sampuli na kupima ugumu wake hatua kwa hatua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Ni rahisi kudhani kwamba ukoko huo hubatilisha jaribio zima, lakini sivyo. Katika vihami vingi vya aina ya mpira, ufa huanzia kwenye ukoko na kupita moja kwa moja hadi ndani. Hivyo mnyumbuko wa kukatika huendelea kufuata hali ya uso, na mstari wa Arrhenius hubaki umenyooka. Nguvu ya kukatika, inayotegemea unene wote, haifuati mstari huo. Sampuli moja, tanuri moja, na vipimo viwili vyenye majibu yanayopingana: hii ndiyo sababu mnyumbuko umekuwa kipimo kinachoaminiwa zaidi katika taaluma hii.

Sababu ya pili ni fuwele. Sehemu ya polietilini hujipanga kwa utaratibu na kuwa fuwele ambazo oksijeni haipenyi kwa urahisi; sehemu iliyobaki ni ya vurugu, na humo ndimo oksidisho hutokea. Polietilini ambayo minyororo yake imeunganishwa kwa kemikali, inayojulikana kwa ufupisho XLPE, huruhusiwa kufanya kazi hadi 90°C, ilhali fuwele zake huyeyuka zinapokaribia au kupita kidogo 105°C. Jaribio la 135°C kwa hiyo hupima kitu kisicho na fuwele hata moja, na matokeo yake hutumiwa kuhukumu kitu chenye fuwele. Vizuia oksidisho pia huyeyuka na kutembea kwa namna tofauti katika hali hizo mbili. Kiini cha hoja ni kwamba kurefusha mstari kupita mpaka wa kuyeyuka ni kuifananisha maada moja na nyingine.

Sababu ya tatu haihitaji maneno mengi: mmenyuko mara nyingi si mmoja. Ule wenye E kubwa hutawala tanurini, na ule wenye E ndogo hubaki ukitawala joto linaposhuka. Mtafiti asiyepima katika joto la chini hawezi kuuona huo wa pili, nao ndio utakaoamua umri.

5.0 Kebo za Savannah River

Ushahidi ulioamsha taaluma hii ulitoka Savannah River, Carolina Kusini, ambako Marekani ilikuwa na vinu vya kutengeneza malighafi za nyuklia. Kebo zilizokuwa na kihami cha polietilini ndani ya gamba la PVC zilikuwa zimekaa miaka 12 hivi katika jengo la kinu. Halijoto ya wastani ilikuwa karibu 43°C, na kiasi cha mionzi kilichozifikia kilikuwa kidogo kikilinganishwa na kile ambacho vihami vya aina hiyo vilistahimili katika majaribio ya maabara. Kwa hesabu za wakati huo zilitakiwa ziwe na afya njema. Zilipochunguzwa, kihami cha baadhi yake kilikuwa kimekauka kiasi cha kuvunjika vipande kilipokunjwa.

Clough na Gillen walipochapisha uchambuzi wao mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha mambo mawili. Kwanza, kiasi kilekile cha mionzi huleta madhara makubwa zaidi kikitolewa polepole, kwa kuwa oksijeni hupata muda wa kuingia. Pili, na hili ndilo linalohusu joto moja kwa moja, mpangilio wa matukio una uzito. Sampuli zilizopigwa mionzi kwanza kisha zikatiwa joto ziliharibika sana; zile zilizotiwa joto kwanza kisha zikapigwa mionzi ziliharibika kidogo. Maelezo yake yamo katika ile hidroperoksaidi. Mionzi huipanda ndani ya polima, na joto huja kuivuna. Mionzi isipotangulia, joto la 43°C halikuti hidroperoksaidi ya kutosha kuipasua.

Kwa hiyo kosa la hesabu za awali halikuwa la kudharau joto wala la kudharau mionzi. Kila kimoja kilijaribiwa peke yake, na majibu yakajumlishwa kana kwamba visababishi hivyo havijuani. Utaratibu wa uthibitisho uliozoeleka, wa kumaliza zamu ya tanuri kisha kuingia zamu ya mionzi, ni ule hasa wenye madhara madogo kati ya mipangilio hiyo miwili. Kebo iliyojaribiwa hivyo hupewa sifa ambayo haikuitolea jasho.

6.0 Halijoto ipi?

Mlinganyo hutaka T moja, lakini mahali pa kazi pana halijoto nyingi, na kwa sababu uhusiano wake na kasi haujanyooka, wastani hudanganya. Kihami kinachokaa nusu ya muda katika 40°C na nusu katika 60°C huchakaa kwa kasi ya mara 1.6 ya kile kinachokaa daima katika 50°C, kwa E ya kilojuli 95. Kipande cha kebo kinachopita karibu na bomba la mvuke ndicho kinachoamua umri wa kebo nzima.

Jambo hili linawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki, mbali kabisa na vinu. Majedwali ya IEC ya uwezo wa nyaya hewani yamejengwa juu ya halijoto ya mazingira ya 30°C, na waya wa PVC huruhusiwa kufika 70°C. Dari iliyo chini ya bati, jua la mchana likiwa kali, inaweza kufika 50°C. Waya uliobebeshwa mkondo wake kamili wa jedwali utapanda nyuzi 40 juu ya mazingira na kufika 90°C au zaidi kidogo, na kasi ya kuchakaa, kwa E ileile, huwa zaidi ya mara 6. Kwa mazingira ya 50°C kiwango huagiza mkondo upunguzwe hadi 0.71 kwa PVC na 0.82 kwa XLPE. Saketi tatu zikifungwa pamoja, huzidishwa tena kwa 0.70. Kwa PVC, tarakimu ya mara 6 ni ya kuonyesha ukubwa wa tatizo tu, kwa sababu kuvukizwa kwa kilainishi kuna kanuni zake.

7.0 Kupima kilichobaki

Kipimo anachokifikia fundi kwa urahisi, yaani cha ukinzani wa kihami kwa chombo kinachoitwa mega, hakioni uchakavu wa joto hadi umechelewa. Kihami kilichokauka bila kupasuka huendelea kuzuia umeme vizuri, kwa kuwa hewa na polima ngumu ni vihami vyote viwili. Ufa ukitokea na unyevu ukaingia, ndipo usomaji huanguka kwa mara moja.

Vipimo vinavyoona mapema ni vya kikemikali na kimakanika. Kijichuma chenye ncha husukumwa kidogo katika gamba na nguvu inayohitajika husomwa. Kinaweza kutumika kebo ikiwa mahali pake, ingawa huonja uso tu. Chembe ya miligramu chache inaweza kukwanguliwa na kutiwa katika oksijeni yenye joto la kama 200°C, na muda unaopita kabla ya kuanza kuungua huonyesha kizuia oksidisho kilichobaki. Mnyumbuko wa kukatika, ulio kipimo cha kuaminika kuliko vyote, una gharama ya kuiharibu sampuli. Kwa sababu hiyo baadhi ya mitambo huweka vipande vya akiba vya kebo zilezile mahali penye joto kali zaidi kuliko zilipo kebo zenyewe, ili kimoja kitolewe na kukatwa kila baada ya miaka kadhaa.

Njia nyingine imepatikana kwa kufungwa kwa vinu. Kebo zilizotumika kweli zimetolewa katika mitambo iliyostaafu, kama vile Zion katika jimbo la Illinois na Crystal River katika jimbo la Florida, na kupelekwa maabara. Zinaweza kupimwa sentimita kwa sentimita, kutoka mwisho uliokaa penye baridi hadi ule uliopita karibu na moto, kisha mnyumbuko wao ukawekwa kando ya ule ambao tanuri lilikuwa limeutabiri.